Siku Meya Alipovua Joho

Siku yangu ya kwanza kazini Karani Mkuu hakunipa kiti. Aliniacha nimesimama mbele ya meza yake, akanitazama juu ya miwani na kuniuliza kama najua kupiga chapa kwa taipureta. Nikamwambia najua, cheti ninacho. "Cheti nshakiona," akasema. "Nnakuuliza wewe." Kisha akanipeleka chumba cha mikutano, ambako wakubwa wa mji walikuwa wakibishana juu ya jaa la taka kule Ng'ambo, akanionyesha pembe ya kukaa na kuniamuru niandike.

Niliandika kila neno lililotoka vinywani mwao, mpaka vidole vikaniuma. Karani Mkuu alipozisoma zile karatasi alitikisa kichwa. "Binti, hapa umeandika waliyoyasema. Mimi nataka waliyoyaamua."

Nikapitia upya, nikamwambia kwa woga, "Mzee, mbona hawakuamua kitu?"

"Basi andika hivyo."

Ndiyo kazi niliyokuja kuifanya mpaka nastaafu. Vijana wengi wa leo mkisikia mtu alikuwa karani wa vikao mnadhani alikuwa akigawa chai na karatasi. Chai niligawa, sikatai. Lakini mji huendeshwa kwa maamuzi, na uamuzi ambao haukuandikwa sawasawa ni maneno ya barazani tu. Keshokutwa kila mtu ana yake. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo, na nasema hivyo bila kuona haya.

Baada ya jaribio lile sikuachiwa vikao moja kwa moja. Kwanza niliwekwa masjala, chumba cha majalada, chini ya mama mmoja mkali tuliyemwita Bi. Masjala hata mbele yake. Baadaye nikapelekwa idara ya afya kuwa karani wa Bwana Afya, mkaguzi wa masoko na mikahawa. Huyo alikuwa akinusa nyama kwanza, ndipo aipige muhuri, na muuza samaki akimwona anakuja tu huanza kumwagia samaki wake maji. Kwa Bwana Afya nilijifunza jambo ambalo ofisini hulipati: kila kanuni tunayoiandika juu, kule chini ina mtu mwenye jina, ana watoto, na ana maneno yake ya kukujibu. Niliporudishwa kwenye vikao, safari hii kama karani kamili, nilirudi na akili nyingine.

Wakati huo hatukuwa na Meya. Wakubwa wetu walikuwa watu wa kuteuliwa. Meya tulimsikia kwa wazee wakihadithia enzi walizozikuta wao utotoni. Ilipokuja sheria mpya, mji ukagawiwa wadi, kila wadi ikachagua diwani wake, na madiwani wakikutana kwenye baraza lao wanamchagua mmoja wao kuwa Meya. Wanaotuuliza mpaka leo kwa nini Meya hakutengeneza taa fulani au njia fulani, nawajibu kwamba Meya hana greda wala hana fundi. Wafanyakazi wako chini ya Mkurugenzi, ambaye ni mtu wa kuajiriwa. Meya ana kiti cha mbele, ana heshima ya kuitwa Mstahiki, na ana sauti. Akijua kuitumia sauti, mji unakwenda. Asipojua, atakata utepe mpaka muda wake uishe.

Meya wetu wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Alipochaguliwa tulitakiwa tumtafutie joho rasmi, na kwa kuwa hapakuwa na aliyewahi kulishona, tulimpa kazi fundi mmoja maarufu wa Ng'ambo. Fundi yule maisha yake yote alikuwa akishona majoho ya mabwana harusi, basi akashona analolijua: jeusi, limedariziwa nyuzi za dhahabu kifuani mpaka chini. Siku ya uzinduzi Mstahiki Meya akaingia ukumbini taratibu, kapendeza kweli, na kabla hajafika kwenye kiti mama mmoja kule nyuma akapiga kigelegele. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwalimu hakuyumba. Alikaa, akagonga meza, akasema, "Bibi harusi ni mji huu. Naomba wageni mkae." Mpaka hapo nilikuwa na wasiwasi naye, lakini nikajua huyu ataweza. Aliliendesha baraza kama darasa: anayechelewa anabaki mlangoni mpaka aitwe.

Ninayetaka kueleza habari zake hasa, lakini, ni Meya wa pili. Jina lake Makame. Alikuwa fundi mitambo wa meli, baadaye wa bandarini, kabla ya kuingia udiwani, mtu mfupi, mpole, mwenye mikono mikubwa isiyotoka alama za grisi. Mwalimu alikuwa msemaji. Huyu alikuwa msikilizaji. Akija asubuhi alikaa na makabrasha ya kikao akayasoma yote, kisha huniita, "Bi. Zuhura, hebu nifahamishe hapa." Nilimheshimu sana kwa lile neno hebu.

Mwaka wake wa kwanza masika ilikuwa kubwa. Kule Ng'ambo kulikuwa na mtaro wa zamani wa kutolea maji ya mvua, na kwa miaka mingi watu walikuwa wameujengea juu: maduka, vibanda, karakana za kushonea viatu, banda la mkaa. Yalianza ya mbao, yakaja ya mabati, mwisho ya matofali na zege. Chini ya maduka hayo mtaro ulikuwa umeziba kama chupa iliyotiwa kizibo. Mvua ile iliponyesha, maji hayakupata pa kupita, yakarudi nyuma, yakaingia mtaa wa bondeni mpaka usawa wa madirisha. Alikuwapo mtaa huo bibi mmoja akiitwa Bi. Shuu, mtu mzima aliyepooza, akiishi na mjukuu. Mjukuu alikuwa ametoka kununua mkate. Aliporudi hakuweza kuufungua mlango kwa uzito wa maji, na majirani walipouvunja walimkuta bibi wa watu kitandani ameshafariki.

Nilikwenda mazishini pamoja na Meya. Tulipofika ofisini akaniambia, "Tayarisha hoja. Maduka ya juu ya mtaro yaondoke kabla ya masika nyingine."

Hoja ni pendekezo linalopelekwa mbele ya baraza ili lijadiliwe na kupigiwa kura. Kuitayarisha kulikuwa rahisi. Kuipitisha ndiko kulikokuwa na kazi. Wenye maduka walikuwa na madiwani wao, na Naibu Meya alikuwa ndiye sauti yao. Madiwani wa bondeni walikuwa upande wa hoja. Tulivyohesabu, nusu huku na nusu huku; kura zitagongana. Na kwa kanuni zetu, kura zikigongana, aliyekaa kwenye kiti ndiye anayekata shauri. Kwa hiyo Meya akipiga kura yake, hoja inapita.

Ila miongoni mwa maduka yale, moja lilikuwa la Bi. Kheri, dada yake Meya wa tumbo moja. Alikuwa akiuza vyombo: masufuria, ndoo, mabeseni, na zile birika zilizopangwa juu ya rafu. Duka lenyewe lilikuwa zuri, la matofali, kati kabisa ya mtaro.

Asubuhi ya kikao Mkurugenzi alinisimamisha ukumbini. Yeye alitaka mtaro ufunguliwe kwa vyovyote, na hakuwa mtu mbaya. "Bi. Zuhura," akaninong'oneza, "habari ya lile duka la dada, hajauliza mtu. Na wewe usiiseme."

"Na yeye mwenyewe akiniuliza?"

"Asikuulize."

Nilipoingia ofisini kwa Meya nilimkuta amesimama dirishani, joho kashalivaa. "Bi. Zuhura," akasema, "kanuni yasemaje diwani akiwa na jamaa yake kwenye jambo linalojadiliwa?"

Nilitamani aniulize chochote kingine. Nilikuwa nimemwona mazishini mjukuu wa Bi. Shuu na kuisikia habari ya ule mkate wake. Lakini nilijua pia kwamba wenye maduka wakija kuikumbuka kanuni hii baada ya kura, watakwenda mahakamani, na uamuzi wetu utatupwa nje mchana kweupe. Nikamjibu, "Inasema atangaze maslahi yake, kisha atoke nje. Hajadili wala hapigi kura."

"Hata Meya?"

"Meya ni diwani, Mstahiki."

"Nikitoka, kiti anakaa Naibu. Hoja itaanguka."

"Itaanguka."

Akaimaliza kahawa yake iliyokuwa mezani, kisha tukaingia ukumbini. Wananchi walikuwa wamejaa, wa bondeni upande mmoja, wenye maduka upande wa pili. Meya alifungua kikao kwa dua, akahakikisha akidi imetimia, yaani madiwani waliohudhuria wanatosha kikao kuwa halali, kisha akasimama. "Ndugu zangu, jambo lililo mbele yetu linamgusa dada yangu. Kanuni haziniruhusu kubaki." Akalivua joho, akalikunja mbele ya watu wote, akaliweka juu ya kiti na kutoka na shati lake.

Hoja ilianguka kama tulivyojua. Upande wa wenye maduka walishangilia. Kule kwa watu wa bondeni mama mmoja alisimama akaninyooshea kidole mimi niliyekuwa nikiandika. "Nyinyi na vitabu vyenu vya kanuni! Maji yakija yatasoma?" Nikaandika kilichoamuliwa.

Kesho yake mchana Meya akanitafuta. "Nnakwenda kwa dada. Nifuate, tafadhali. Nataka mtu mzima wa kike awepo, asije akanipiga na sufuria." Nilidhani anatania.

Tulikwenda kwa miguu. Bi. Kheri alikuwa akifuta vumbi masufuria, mwanamke mnene, mrefu kuliko kaka yake, kajifunga kanga mbili. "Karibuni. Leo Mstahiki kaja kununua ndoo?"

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Sema lililokuleta."

"Nimekuja kukuomba uliondoe duka."

Bi. Kheri akaweka kitambaa chini. "Baraza lenu si lilikataa jana? Nimesikia mpaka vigelegele."

"Limekataa. Sikuja na baraza. Nimekuja mimi Makame, nduguyo."

"Aa! Barazani umeshindwa, sasa unakuja kuniangushia mimi ukubwa wako? Duka hili ndilo lililomuuguza mama mpaka akatutoka. Wewe ulikuwa ndani ya mameli huko. Nani alikuwa hapa?"

"Wewe."

"Basi?"

Meya alikaa juu ya beseni lililofudikizwa, mtu mzima na cheo chake, akatazama chini. Aliyeanza tena ni Bi. Kheri mwenyewe, na sauti ilikuwa imeshabadilika.

"Unajua Bi. Shuu alikuwa somo yangu?" Somo, kwa msiojua, ndiye mwanamke anayemfunda mwari kabla ya harusi yake, na heshima yake haiishi. "Mimi ndiye niliyemwosha. Nywele zake zilikuwa zimejaa tope, nikazisafisha mpaka maji yakawa meupe. Nikarudi hapa, nikafungua duka. Kila siku nnafungua duka, nnasikia kama yuko chini ya sakafu hii."

Machozi yakamtoka. Kaka yake akainuka, na yeye akamzuia kwa mkono. "Usinishike. Na usinibembeleze. Nikilivunja, wenzangu watasema nimewasaliti."

"Watasema."

"Utanipa nafasi sokoni?"

"Siwezi. Ugawaji wa nafasi unapita kamati. Utaomba kama watu wengine na utangoja zamu yako."

Nikafumba macho nikilingoja sufuria. Bi. Kheri alimtazama muda mrefu, akacheka, kicheko kikavu. "Mama alikuzaa hivi hivi, sijui nani alimwambia. Sikiliza, Makame. Ntalivunja kwa mkono wangu. Nisione greda hapa, nisione askari, wala mtu wa gazeti na kamera yake. Ukileta mmoja wao, nyumbani kwangu usibishe hodi tena."

"Sileti mtu."

Ijumaa baada ya sala alikuja na fundi mmoja na nyundo. Vyombo alikuwa ameshavihamishia uani kwake. Mimi nilikuwapo kwa kuwa nilitaka kuona kwa macho yangu. Majirani walitoka wakadhani anakarabati. Bati la kwanza lilipong'oka, muuza mkaa wa pili yake akaja mbio. "Bi. Kheri, una wazimu? Tumeshinda sisi!"

"Mmeshinda nyinyi. Mimi nnahama."

"Umetumwa na kaka yako."

"Kaka yangu hana la kunituma. Shuka bondeni ukawaulize kuna nini chini ya duka lako, kisha urudi kunitukana."

Hakushuka siku hiyo. Alimtukana palepale. Lakini wiki iliyofuata banda la mkaa likaondoka, na baada yake mshona viatu. Haikuwa wote. Wako walioapa kwamba hawatoki mpaka wafe. Ila maduka yalipopungua, kelele zilipungua nazo, na wale madiwani waliokuwa wakali wakaanza kuja ofisini kwangu mmoja mmoja kuuliza hoja iliyoanguka inaweza kurudi lini. Nikawaeleza kwamba kanuni inataka muda upite kwanza, baraza lisije likasumbuliwa na jambo lilelile kila kikao. Muda ulipotimia, hoja ikarudi. Safari hii Meya hakuwa na dada juu ya mtaro. Alikaa kwenye kiti chake na joho lake, na kura zikapigwa bila hata kugongana. Aliyesimama wa kwanza kuiunga mkono hoja, niliandika kwa mkono wangu na kuhakikisha jina sikulikosea, alikuwa Naibu Meya.

Mafundi walipofunua mabamba ya zege walitoa humo magodoro, matairi, baiskeli nzima, na tope ambalo malori yalilibeba siku nyingi. Masika iliyofuata mvua ya kwanza kubwa ilishuka alfajiri. Kabla ya kwenda ofisini nilivaa viatu vya mpira nikapita bondeni. Njia ilikuwa na matope, lakini maji yalikuwa ndani ya mtaro, yanakwenda kwa kishindo kuelekea chini. Wanawake walikuwa kwenye vizingiti vya nyumba zao wakiyatazama, na yule mama aliyeninyooshea kidole alikuwa mmoja wao. Akaniita ndani nikanywe chai ya mkandaa, isiyotiwa maziwa. Hatukulizungumza lile la barazani.

Msidhani Meya Makame alishukuriwa. Muda wake ulipokwisha wenye maduka hawakusahau. Wakawachagua madiwani wengine, na hao wakamchagua Meya mwingine. Alikabidhi ofisi siku moja, akarudi kutengeneza injini za watu nyumbani kwake Mtoni. Bi. Kheri naye alipewa nafasi sokoni, pembe ya mwisho kabisa, na wateja wake wa zamani wengi hawakumfuata. Kwa miaka kadhaa ndugu wale walikuwa wakizungumza kwenye harusi na misiba tu. Walipatana bila mkutano wala wazee: Makame aliugua, na Bi. Kheri akahamia kwake kumpikia uji.

Nilifanya kazi na Mameya wengine baada yao. Alikuwapo mfanyabiashara aliyependa vikao viishe kabla ya adhuhuri. Akaja mwanasheria kijana ambaye kila kanuni alitaka kujua ilizaliwa wapi. Mji ukapanuka, mabaraza yakagawanywa, vyeo vikabadilishwa majina na mbao za milangoni zikapakwa rangi upya. Taipureta yangu ikaondoka, ikaja kompyuta, na hiyo niliishika haraka kuliko walivyotegemea. Nilipofika kuwa Katibu wa Vikao, makarani walio chini yangu niliwafunza lile nililofunzwa na Karani Mkuu siku ya kwanza, na niliongeza la kwangu: Meya akikuuliza kanuni, mwambie ilivyo, hata kama unataka kulia.

Sasa nimestaafu. Nimealikwa mara moja chuo kikuu Tunguu kuzungumza na vijana wanaosomea utawala, na kijana mmoja akaniuliza kama nilikuwa naona kazi yangu ina nguvu yoyote. Nilimwambia nilikuwa na nguvu ya mtu anayejua mambo yalivyokwenda, na kwamba inatosha kwa mshahara ule. Wakacheka, lakini sikutania.

Vikao vya baraza viko wazi kwa mwananchi yeyote, ingawa wananchi wengi hawajui. Mimi najua, basi nahudhuria. Nakaa nyuma kule kwa watu, sichukui kiti cha wageni hata nikibembelezwa. Tangu kaka yake afariki, Allah amrehemu, Bi. Kheri naye hunifuata. Tunakwenda wazee wawili na mikoba yetu, yeye na fimbo. Mwezi uliopita Meya wa sasa, kijana mzuri, msemaji, alisimama akaeleza kwa sauti kubwa jinsi atakavyouondoa mji vibanda vyote vilivyojengwa pasipostahili, bila kumwonea haya mtu yeyote. Madiwani wakapiga meza. Bi. Kheri alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigusa kwa kiwiko.

"Zuhura," akaninong'oneza, "huyu naye ana dada?"